Uliza Ujibiwe: Agizo la Uhamiaji linatoka wapi, na nani anaweza kulibadili?

Barua nyingi za safari hii zimetoka Kigoma na Tabora, na karibu zote zinahusu Uhamiaji: vitambulisho, uraia, vibarua kutoka ng'ambo ya mpaka, pasipoti. Tumechagua saba. Walioandika wanalalamikia dirisha la ofisi, lakini mengi wanayoyalalamikia yaliamuliwa mbali na dirisha hilo, kwa hiyo tumejitahidi kueleza kila utaratibu ulizaliwaje na mlango wake uko wapi.

Swali: Mhariri, mimi ni mtendaji wa kijiji. Kila baada ya muda tunaletewa utaratibu mpya kuhusu wageni. Mara tuwaandikishe, mara tusiwaandikishe, mara barua ya utambulisho iwe na picha. Nani anakaa na kuamua mambo haya? Na kwa nini sisi tunaoyatekeleza hatuulizwi?
*Mtendaji wa kijiji, Kaliua*

Jibu: Mtendaji, kuna vitu vinne ambavyo vikishafika kijijini vyote huitwa "agizo la Uhamiaji", ilhali nguvu yake haifanani.

Cha kwanza ni sheria, na hutungwa na Bunge. Kwa mambo haya zipo hasa nne: Sheria ya Uhamiaji, Sura ya 54, na Sheria ya Uraia, Sura ya 357, zote za mwaka 1995; Sheria ya Wakimbizi ya 1998; na Sheria ya Pasipoti na Hati za Safari ya 2002. Cha pili ni kanuni. Hizi hutungwa na Waziri wa Mambo ya Ndani ya Nchi kwa mamlaka aliyopewa na sheria, na huchapishwa kwenye Gazeti la Serikali zikiwa na namba ya Tangazo la Serikali. Ada na fomu humo ndimo zilimo. Cha tatu ni mwongozo wa ndani, ambao Kamishna Jenerali wa Uhamiaji huwapa maofisa wake: nani apokee faili, aulize nini, alipeleke wapi. Huo hauchapishwi gazetini. Cha nne ni maelekezo ya kikao, mara nyingi cha Kamati ya Usalama ya Wilaya, ambayo mwenyekiti wake ni Mkuu wa Wilaya.

Agizo jipya likifika mezani kwako, uliza kwanza kama lina namba ya Tangazo la Serikali. Likiwa nayo, anayeweza kulibadili ni Waziri, na wilaya haiwezi kulipunguza wala kuliongeza. Lisipokuwa nayo, huo ni mwongozo au maelekezo ya kikao, na Afisa Uhamiaji wa Mkoa au Mkuu wa Wilaya anaweza kulizungumza nawe. Hiyo picha kwenye barua ya utambulisho, kwa namna ulivyoieleza, ina dalili zote za kuwa maelekezo ya kikao.

Sasa sera yenyewe huanzaje? Kwa kawaida huanzia kwenye taarifa za ofisi za mikoa na vituo vya mpakani: walioingia, waliotoka, waliokamatwa, maombi yaliyokwama na sababu zake. Makao makuu huzikusanya, na jambo likijirudia huandikwa andiko linaloeleza tatizo, ukubwa wake, njia mbili tatu za kulitatua na gharama ya kila njia. Andiko hupanda wizarani, halafu wizara nyingine huombwa maoni: Kazi, Mambo ya Nje, Fedha, TAMISEMI (Tawala za Mikoa na Serikali za Mitaa), Katiba na Sheria. Likiwa zito kiasi cha kuhitaji uamuzi wa nchi, huwa Waraka wa Baraza la Mawaziri, hupitia kikao cha Makatibu Wakuu, kisha Baraza lenyewe. Likihitaji sheria, huandaliwa muswada. Muswada husomwa bungeni mara ya kwanza, hupelekwa kwenye kamati ya kudumu ya Bunge inayoita wadau, hurudi kujadiliwa na kupitishwa, kisha Rais huutia saini. Baada ya hapo ndipo kanuni huandikwa, na mwongozo wa ndani hufuata nyuma ya kanuni.

Kwa nini huulizwi? Wewe si mtumishi wa Uhamiaji. Mwajiri wako ni halmashauri, iliyo chini ya TAMISEMI. Andiko linapopita wizara kwa wizara, mtu wa TAMISEMI ndiye anayepaswa kusema: kazi hii mnayompa mtendaji wa kijiji itahitaji daftari, wino, nauli ya kwenda makao makuu ya wilaya, na saa kadhaa kila wiki, nani analipa? Asiposema, gharama hiyo haiandikwi popote, na mpango hushuka ukiwa na fedha za ofisi ya wilaya pekee. Idara ya Uhamiaji ina fungu lake la bajeti, Fungu 93, na fungu hilo halinunui daftari la kijiji. Hapa ndipo mipango mingi mizuri inapofia, na tunalisema kwa uchungu kwa sababu kosa lenyewe ni la mstari mmoja tu kwenye jedwali la gharama.

Kuna na suala la kalenda. Mwaka wa fedha huanza Julai 1. Makisio ya wizara hujadiliwa bungeni kati ya Aprili na Juni, na ofisi za chini hutakiwa kupeleka mahitaji yao miezi mingi kabla ya hapo. Mpango uliopitishwa Agosti bila kuwa na fedha kwenye makisio utasubiri, au utaanza kwa kukopa gari na mafuta ya kazi nyingine. Kwa hiyo ukitaka kijiji chako kihesabiwe, andika mahitaji kwa Mkurugenzi wa Halmashauri mapema, kabla makisio ya halmashauri hayajafungwa, na nakala umpe Afisa Uhamiaji wa Wilaya. Taja idadi: wageni wangapi wamepita ofisini kwako miezi 3 iliyopita, barua ngapi umeandika, safari ngapi umekwenda wilayani kwa ajili hiyo. Barua yenye idadi hunukuliwa kwenye taarifa ya mkoa. Ya malalamiko matupu huishia kwenye jalada.

Swali: Nimezaliwa Kasulu, nimesoma Kasulu, nafundisha Kasulu. Mdogo wangu ameomba Kitambulisho cha Taifa, ameulizwa babu alizaliwa wapi na kama anayo karatasi yake. Rafiki yake aliyejiandikisha Morogoro hakuulizwa hayo. Je, huu si ubaguzi dhidi ya watu wa Kigoma?
*Mwalimu, Kasulu*

Jibu: Mwalimu, uchungu wako tunauelewa na si wako peke yako. Tukueleze kwanza hesabu wanayopiga wanaobuni uhakiki wa namna hii, kisha tuseme tunachokiona.

Uhakiki wowote wa uraia una makosa mawili yanayowezekana: kumpa kitambulisho asiye raia, au kumnyima aliye raia. Ukikaza upande mmoja, upande wa pili unalegea. Kwenye mikoa ya mpakani wabunifu wameamua kukaza wa kwanza. Ndiyo maana maombi ya kitambulisho kwa NIDA (Mamlaka ya Vitambulisho vya Taifa) huku hupita kwa afisa uhamiaji anayehoji, na maswali huvuka wazazi hadi kwa babu na bibi. Sababu wanazotoa zinajulikana: Kiha na Kirundi vinasikilizana, koo ziko pande zote mbili za mpaka, na Kigoma imepokea wakimbizi kwa miongo mingi.

Tatizo ni aina ya ushahidi unaodaiwa. Cheti cha kuzaliwa cha mtu aliyezaliwa kijijini Buhigwe mwaka 1940 hakipo, na hakijawahi kuwepo, kwa sababu hapakuwa na aliyekiandika. Mpango unaodai karatasi ambayo kundi zima halikuwahi kupewa haupimi uraia. Unapima umbali wa kijiji hadi ofisi ya msajili wa enzi hizo. Mbunifu makini huanza kwa kuchukua kijiji kimoja na kuhesabu watu wazima wangapi wana karatasi anayotaka kuidai. Wakionekana wachache, anatafuta ushahidi mbadala na kuutaja kwa jina kwenye mwongozo ili usitegemee huruma ya ofisa wa siku hiyo.

Mdogo wako na aende na jalada lililopangwa. Aweke cheti chake cha kuzaliwa, cheti cha kumaliza elimu ya msingi, kadi ya kliniki kama ipo, cheti cha ubatizo au barua ya msikiti, nakala za vitambulisho vya baba au mama, cheti au hati ya kiapo cha kuzaliwa cha mzazi, na barua ya mtendaji inayotaja kitongoji na miaka familia iliyokaa hapo. Kwa babu, tafuta chochote chenye tarehe: kadi ya chama cha msingi cha ushirika, stakabadhi ya kodi ya kichwa, kadi ya chama cha siasa, daftari la parokia. Wazee wawili wa kijiji wasio ndugu, walio tayari kuhojiwa, wana uzito kuliko ndugu kumi.

Kinachoangusha watu wengi kabisa ni majina. Cheti cha shule kina majina mawili, cha ubatizo kina jina jingine la kwanza, kadi ya baba ina herufi moja tofauti, na mfumo unaona watu watatu. Rekebisha hili kabla ya kwenda. Tofauti ndogo ya herufi humalizwa kwa hati ya kiapo mbele ya wakili au mahakamani, na jina lililobadilishwa kabisa linahitaji hati ya kubadili jina iliyosajiliwa. Akikataliwa, aombe sababu kwa maandishi, na aandike rufaa kwa Afisa Uhamiaji wa Mkoa akiambatisha nakala, kamwe asiache nakala halisi.

Sasa swali lako lenyewe. Kuhoji zaidi mpakani kunaweza kutetewa. Kuhoji zaidi bila orodha ya ushahidi mbadala iliyobandikwa ukutani hakutetewi. Mtu wa Kasulu anastahili kujua kabla ya kutoka nyumbani ni nini kitamridhisha ofisa, kama anavyojua mtu wa Morogoro.

Swali: Nasoma utawala wa umma chuoni. Babu na bibi yangu walifika Ulyankulu kutoka Burundi mwaka 1972. Nyumbani tunasikia tu kwamba "uraia ulichelewa". Ulichelewa kwa nini, hasa?
*Mwanafunzi, Tabora*

Jibu: Swali hili tumelifurahia, maana mpango huo ni miongoni mwa mipango mikubwa ya uraia kuwahi kufanywa Afrika kwa wakimbizi, na una somo katika kila hatua yake.

Wakimbizi wa 1972 waliwekwa kwenye makazi matatu: Ulyankulu mkoani Tabora, na Katumba na Mishamo ambayo leo yako Katavi. Walipewa ardhi, wakalima, wakalipa kodi. Mwaka 2007 Tanzania, Burundi na Shirika la Umoja wa Mataifa la Kuhudumia Wakimbizi walikubaliana mkakati wa kumaliza ukimbizi huo. Sensa ya makazi ilihesabu watu takriban 218,000, na kila kaya iliulizwa: mnarudi Burundi au mnaomba uraia wa Tanzania? Karibu asilimia 80 walichagua uraia.

Hatua hii ilibuniwa vizuri. Kwa kawaida uraia wa tajnisi, yaani ule mgeni anaoupewa kwa kuomba, huombwa na mtu mmoja mmoja: awe amekaa nchini miezi 12 mfululizo kabla ya kuomba, na katika miaka 10 iliyotangulia hiyo awe amekaa jumla ya miaka isiyopungua 7, ajue Kiswahili au Kiingereza, awe na mwenendo mwema. Faili hupita wilayani na mkoani kwenye kamati za usalama kabla ya kufika kwa Waziri. Kwa utaratibu huo, maombi zaidi ya laki moja yangechukua kizazi kizima. Badala yake maofisa walipelekwa makazini, na fomu, mahojiano na picha vikafanyika palepale. Kufikia mwaka 2010 watu wapatao 162,000 walikuwa wamekubaliwa. Peleka huduma kwa watu walipo, punguza vituo vya faili: hiyo ndiyo sehemu ya kuigwa.

Kosa lilikuwa kwenye sharti. Mkakati ulitaka raia wapya wahame makazi na kutawanywa kwenye mikoa mingine, ipatayo 16, na cheti cha uraia kikafungwa kwenye kuhama huko. Yaani hati iliyokwisha kuamuliwa na Waziri ikawa inasubiri jambo lililo mikononi mwa halmashauri za mbali ambazo hazikuwa na fedha za viwanja, madarasa na visima vya wageni wao, na ambazo nyingi hazikuwa tayari. Uhamisho ulikwama. Watu walikuwa wameukana uraia wa Burundi na hawajashika cheti cha Tanzania. Hawakuwa wakimbizi kwa maana ya zamani, na hawakuwa na karatasi ya kuomba mkopo, ajira ya serikali au pasipoti.

Serikali iliacha sharti la kuhama, na ugawaji wa vyeti ukaanza Oktoba 2014. Mwaka uliofuata raia hao walipiga kura, na Ulyankulu ikawa jimbo la uchaguzi.

Katika karatasi yako ya chuo, usiandike tu kwamba "fedha zilikosekana". Andika kwamba mpango uliunganisha vitu viwili ambavyo kila kimoja kilikuwa na mwenye mamlaka tofauti, ratiba tofauti na mfuko tofauti. Uraia ulikuwa wa Waziri, ulihitaji saini. Uhamisho ulikuwa wa halmashauri, ulihitaji ardhi na mabilioni. Ukifunga cha haraka kwenye cha polepole, vyote viwili vinakwenda kwa mwendo wa polepole. Angalia pia watoto waliozaliwa wakati wa kusubiri. Sensa ilikuwa ya 2007, vyeti vilianza 2014; kila mwaka wa kuchelewa ulizaa watoto ambao hawamo kwenye orodha ya awali na ambao faili lao linategemea cheti cha mzazi. Mpango wa namna hii unatakiwa uwe na daftari la nyongeza tangu siku ya kwanza.

Swali: Nalima mahindi na maharage Kibondo. Msimu ukifika, vibarua wa kutosha huwapati bila Warundi. Ofisa akija tunakimbia wote, mwenye shamba na kibarua. Kwa nini serikali isitoe kibali cha msimu?
*Mkulima, Kibondo*

Jibu: Mkulima, kwa sheria ilivyo leo, mgeni yeyote anayefanya kazi anahitaji karatasi mbili kutoka ofisi mbili. Sheria ya Kuratibu Ajira kwa Wageni ya mwaka 2015 ilimpa Kamishna wa Kazi mamlaka ya kutoa kibali cha kazi. Baada ya hicho, Uhamiaji hutoa kibali cha ukaazi daraja B kwa aliyeajiriwa. Utaratibu huo ulibuniwa ukimfikiria mhandisi au daktari: mkataba, vyeti vya taaluma, mpango wa kumrithisha Mtanzania ujuzi. Kibarua wa palizi ya wiki 3 hana hata kimoja cha hivyo. Itifaki ya Soko la Pamoja la Afrika Mashariki, iliyoanza Julai 2010, nayo haikusaidii. Kila nchi iliorodhesha fani itakazozifungulia, na orodha ya Tanzania ni ya wenye taaluma.

Wakimbizi waliomo kambini wana kundi lao kwenye vibali vya kazi, kundi E. Lakini mkimbizi wa kambi kama Nyarugusu haruhusiwi kutoka eneo la kambi bila kibali, na umbali unaozingatiwa ni km 4. Kibali cha kazi bila ruhusa ya kutoka hakimfikishi shambani.

Kwa hiyo hitaji lako ni la kweli na chombo chake hakipo. Kibali cha msimu kingewezekana, na kwa maoni yetu kinafaa Kigoma kuliko misako. Ila kina mambo ambayo mbunifu lazima ayajibu kwanza, na chama chenu cha wakulima kinaweza kumsaidia kuyajibu. Idadi iwekwe kwa wilaya na nani? Muda uwe siku ngapi, palizi na mavuno au palizi tu? Ada iwe ndogo kuliko kiasi ambacho kibarua hulipa leo kupita njia za panya, la sivyo hatakuja kituoni. Jina la mwajiri liandikwe kwenye kibali, ili awajibike kumlipa na kuhakikisha anarudi. Na kuwe na kipengele cha malipo: kibarua asiye na karatasi ni rahisi kudhulumiwa, maana mwenye shamba asiye mwema humaliza kazi kisha akaita askari. Kipengele hicho kikikosekana, mpango utalinda mpaka na kumwacha mtu.

Hadi hapo kitakapokuwepo, kuajiri bila kibali ni kosa lako pia, si la kibarua peke yake. Kumficha ndani huongeza kosa la pili juu ya la kwanza.

Swali: Huku kwetu wageni wananunua mazao mashambani kabla hata hayajavunwa. Nimekwenda Uhamiaji, wameniambia niende kwa afisa biashara. Nimekwenda kwa afisa biashara, kanirudisha Uhamiaji. Nani mwenye kazi?
*Msomaji, Urambo*

Jibu: Wote wawili, kwa zamu. Julai 2025 Waziri wa Viwanda na Biashara alitoa amri chini ya Sheria ya Leseni za Biashara inayowakataza wasio raia kufanya biashara za aina 15, na ununuzi wa mazao shambani umo, pamoja na uwakala wa fedha kwa simu na ufundi wa simu. Leseni ni ya afisa biashara wa halmashauri, na yeye ndiye anayeanza. Kosa likithibitika mahakamani, adhabu ni faini isiyopungua shilingi milioni 10 au kifungo kisichozidi miezi 6, na kufutiwa viza na kibali cha ukaazi. Hapo ndipo Uhamiaji wanapoingia. Raia anayemkopesha mgeni jina lake naye ana adhabu yake. Peleka taarifa kwa maandishi kwa afisa biashara, nakala Uhamiaji, ukitaja kijiji, zao na tarehe. Na hakikisha kwanza unayemsema ni mgeni kweli. Raia wa tajnisi wa Ulyankulu ni raia, amri hii haimhusu.

Swali: Nauza dagaa, navuka Manyovu kwenda Bujumbura. Wakenya na Waganda wanatembeleana kwa kitambulisho tu. Sisi kwa nini pasipoti?
*Mfanyabiashara, Kibirizi*

Jibu: Kwa sababu kusafiri kwa kitambulisho ni makubaliano ya Kenya, Uganda na Rwanda wenyewe kwa wenyewe, na Tanzania haikuingia. Itifaki ya Soko la Pamoja inaziachia nchi nafasi hiyo. Sababu ya msingi inafanana na ile ya Kasulu hapo juu: nchi hukubali kitambulisho kama hati ya kusafiria pale inapoamini kila aliyenacho ni raia wake na kila raia anacho. Kwa wewe mama unayevuka mara kwa mara, pasipoti ya kielektroniki kwa shilingi 150,000 inadumu miaka 10, sawa na 15,000 kwa mwaka. Lipa kwa namba ya malipo ya serikali tu, usimpe fedha taslimu mtu wa mlangoni.

Swali: Mwanangu yuko Kanada, amechukua uraia wa huko. Nasikia uraia pacha umeruhusiwa. Anaweza kurithi kiwanja changu cha Tabora mjini?
*Mzazi, Tabora*

Jibu: Mzazi, uraia pacha kwa mtu mzima haujaruhusiwa. Kijana aliyezaliwa na uraia wa nchi mbili anaweza kukaa navyo mpaka miaka 18, kisha lazima achague. Kilichofanyika mapema mwaka 2025 ni marekebisho ya Sheria ya Uhamiaji na Sheria ya Ardhi, yaliyoanzisha Hadhi Maalumu kwa asiye raia mwenye asili ya Tanzania. Lengo lake ni kumpa ukaaji na haki fulani za ardhi, bila kura.

Uone jinsi serikali ilivyolijenga jambo hili. Waliokuwa nje waliomba uraia. Serikali iliuliza wanachohitaji ndani ya uraia huo, ikakuta ni kuingia bila viza, kukaa na kumiliki, ikatoa hivyo kwa sheria mbili bila kuigusa Sheria ya Uraia. Wengi wa walioomba hawakuridhika, na madai yao bado yako hai. Kwa kiwanja chako, usikimbilie kuhamisha hati sasa. Mwanao aombe kwanza Hadhi Maalumu, apate hati yake mkononi, ndipo mwende kwa ofisa ardhi wa manispaa na wakili mkiwa na cheti chake cha kuzaliwa cha Tanzania, pasipoti ya Kanada na hati hiyo. Wosia unaweza kuuandika leo. Haungoji hadhi ya mtu.

Kwa wote walioandika wakiuliza namna ya kutoa maoni muswada wa uhamiaji unapokuwa bungeni: kamati ya kudumu hutangaza siku za kupokea wadau, na muda huwa mfupi, kwa hiyo hoja iandaliwe kabla ya tangazo. Kurasa 2 zinatosha. Taja kifungu kwa namba, andika maneno yaliyomo, andika maneno unayopendekeza badala yake, kisha eleza kwa mistari michache nani ataumia kifungu kikibaki kilivyo. Mkiwa kikundi, wekeni muhuri wa chama. Tuma kwa Katibu wa Bunge, Dodoma, na nakala kwa mbunge wenu.